Mtoto Kaonekana, Baba Alikuwa Wapi?

Manundu, Korogwe
6 Mei 2024

Kwa dada yangu Shamsia,

Shikamoo dada. Mimi huku mzima wa mwili, kichwa ndicho kilichochoka. Ikram hajambo. Meno mawili ya mbele yamemtoka wiki hii, moja kwenye muwa na la pili nadhani kwa kulionea wivu lile la kwanza. Mvua inatupiga bila huruma, na kochi la mwalimu mkuu limelowa kabla sijalivalisha kitambaa.

Najua umenipigia simu mpaka ukanuna. Laini nimeitoa, nimeitia ndani ya kopo la misumari, nimefunika. Ndiyo maana nakuandikia. Barua nimempa konda wa basi la Handeni, akipita hapo Misima aishushe kwenye duka la dawa za mifugo. Nawe nijibu kwa njia hiyohiyo.

Dhumuni hasa ni hili. Jumamosi ile, kesho yake ya sikukuu ya Muungano, Ikram alipotea. Usishtuke, alipatikana siku ileile kabla ya magharibi. Nilitoka mara moja, nikamwacha mlangoni mwa karakana akichezea vipande vya sponji. Naisula, yule mama wa Kimasai anayetuletea maziwa, akapita. Ikram akamwuliza habari za ng'ombe, akaambiwa kuna ndama kazaliwa alfajiri. Akasema, "Baba kasema niende." Baba hakusema kitu, maana baba hakuwepo. Naisula akamwamini, akamshika mkono, wakaenda hadi bomani kwao, nje kabisa ya mji.

Niliporudi nilikuta sponji tupu, dada, na majirani wameshaanza kumtafuta. Nilipiga kelele mtaa mzima. Jirani akachukua picha ya Ikram ya sikukuu ya Idi akairusha Fesibuku, kwenye kundi linaloitwa Korogwe Bila Chenga, na chini akaandika namba yangu. Jioni Naisula akatokea, Ikram yuko mgongoni, amelala, mdomo mweupe kwa maziwa. Tukamshukuru Mungu, nikadhani yameisha.

Hayakuisha. Picha inatembea yenyewe. Mtu amenipigia kutoka Songea, anamwona Ikram stendi ya huko muda huohuo, wakati Ikram yuko mbele yangu anakula bada la muhogo. Nikamwambia mtoto ameshapatikana. Akaniuliza, "Wewe ni nani wa kusema hivyo?" Nikasema mimi ni baba yake. Akasema, "Ahaa! Kumbe ni wewe," akakata.

Chochote utakachosikia, usikiamini.

Mdogo wako,
Sharifu


Misima, Handeni
15 Mei 2024

Mdogo wangu Sharifu,

Marahaba. Sisi wazima. Mahindi yamesimama vizuri, nyani nao wamesimama vizuri pembeni yake wakiyasubiri. Shemeji yako mguu bado, lakini akisikia chakula kimeiva anatembea. Mbuzi yule mwekundu kazaa pacha.

Barua yako imefika ikiwa imeloa, nimeianika kwenye kamba pamoja na kanga zangu. Nimelia, kisha nikashukuru, kisha nikakasirika. Mtoto wa marehemu mama yangu, ninayekuita lumbu wangu, anapatwa na jambo kama hilo na mimi nalijua kwa konda!

Mimi huko mitandaoni simo, unanijua. Simu kubwa aliyoniletea mwanangu naitumia kumulika kuku tu. Lakini watu wanasema, na masikio hayana mlango. Nasikia kuna mmoja kaandika, "Baba wa kweli angekuwa hajala siku tatu, huyu shavu linang'aa." Akapata vidole vya kupenda mia mbili na kumi. Mwingine kachukua ile picha uliyopigwa jioni umembeba Ikram, akazungushia duara jekundu kola ya shati lako. Eti yale madoa meusi ni nini? Wa tatu kasema ni damu iliyokauka. Wa nne, anayejiita Daktari wa Mapenzi, kasema damu haikauki hivyo. Hayo nimeyasikia tu.

Nimesikia pia kuna mtu mmoja, jina lake huko ni Mzigua Halisi, anakutetea kwa nguvu zote. Sijui ni nani, ila ana akili nyingi. Kawaambia ulikuwa msikitini.

Sasa niulize mimi dada yako. Ulikuwa wapi? Umeandika "nilitoka mara moja." Mara moja ya mtu kwenda kununua gundi, au mara moja ya mtu kwenda Maka? Mtoto kafika bomani, kaona ndama, kanywa maziwa, kalala, wewe bado uko kwenye mara moja.

Na lile jambo la Hamisa wa Kilole, yule unayetaka kumwoa, limefikia wapi? Ulisema atakuja kukutembelea hapo karakana. Alikuja?

Dada yako,
Shamsia


Manundu, Korogwe
28 Mei 2024

Dada Shamsia,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za mbuzi. Shemeji mwambie apake mafuta ya nyonyo.

Dada, nimezidi kuharibu. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Yordani, alinishauri niingie laivu kwa simu yake, nimwoneshe Ikram, watu waridhike. Nikavaa kanzu, tukakaa kwenye kochi jipya, nikasema, "Ndugu zangu, mtoto huyu hapa." Ikram akacheka, pengo likaonekana.

Wakasema si yeye! Wa kwenye picha ana meno, huyu hana. Wakaweka picha mbili bega kwa bega, wakapima masikio. Mmoja kaandika kwamba nimeazima mtoto. Mwingine kauliza ninamrudisha lini kwa wenyewe. Na kwa kuwa Ikram alinifanya nicheke, kuna aliyesema, "Mnaona? Anacheka!" Hilo limepata wapenzi kuliko yote.

Polisi waliniita mara moja tu, kwa adabu. Dada wa dawati la jinsia na watoto alimtazama Ikram, akamwuliza jina la baba yake, akamaliza. Kisha akaniuliza mimi nilikuwa wapi. Nikasema kwenye shughuli binafsi. Akaandika.

Kuhusu huyo Mzigua Halisi, kama kuna mtu anayemfahamu, amsihi anyamaze. Jumatatu kaandika nilikuwa msikitini. Jumatano kaandika nilikuwa hospitali napima sukari. Ijumaa nilikuwa shambani Misima nafukuza nyani. Sasa kundi zima linasema baba anabadilisha maelezo, wakati baba hajafungua mdomo!

Nililoliogopa ndilo limefika. Mwanaisha kaja kutoka Mazinde. Alisimama mlangoni, hakukaa hata nilipomvutia kiti.

"Sharifu," akasema, "sikuja kugombana. Tulipoachana nilikuachia Ikram kwa kuwa wewe ni baba mzuri, na nilisema hivyo mbele ya kadhi. Ulikuwa wapi?"

"Nilitoka mara moja."

"Wapi?"

Nikamvutia kiti tena. Akaingia ndani akakunja nguo za mtoto. Ikram alikuwa anauliza kama ndama anaweza kwenda naye Mazinde. Mwanaisha akasema, "Siku utakayoniambia ulipokuwa, nitamrudisha. Si kwa polisi, si kwa Fesibuku. Kwangu mimi."

Nyumba imekuwa kubwa, dada. Vipande vya sponji bado viko mlangoni, sijavifagia.

Hamisa hakuja.

Sharifu


Misima, Handeni
9 Juni 2024

Sharifu,

Marahaba. Sina habari za nyumbani leo, naanza na wewe.

Mwanamume mzima unakubali mtoto achukuliwe kwa kukosa kusema neno moja! Tangu utoto ndivyo ulivyo, ukivunja chungu unakaa kimya mpaka chungu chenyewe kiombe radhi. Nimekaa na shemeji yako tumepanga maneno yote. Ulikuwa unabeti? Sema, wanaobeti ni wengi, hata imamu mdogo wa hapa anajua matokeo ya Uingereza. Ulikuwa gesti? Sema, wewe huna mke. Ulikwenda kwa mganga? Hapo tutagombana, maana Handeni nzima ina waganga, ungekuja huku tukakuchagulia.

Nilimpigia Mwanaisha. Amenijibu kwa heshima, lakini msimamo ni uleule. Ikram amepelekwa kwenye madrasa ya Mazinde, na nasikia amewafundisha wenzake wote kulia kama ndama.

Huyo Mzigua Halisi yeye anajitahidi, mshukuruni. Juzi yule Daktari wa Mapenzi alimwita mwongo, nikamjibu, yaani akamjibu, kwamba daktari asiye na hospitali ni muuza karanga. Watu walicheka sana.

Lakini kuna nafuu, mdogo wangu. Naona wameanza kukuacha. Sasa wanamsema yule mama wa maziwa. Wanasema haiwezekani mtu apite tu aondoke na mtoto, lazima kulikuwa na mpango, na kwamba hao wanatembea nyumba hadi nyumba na madumu wakichungulia watoto. Mimi nasema wamseme. Afadhali yeye kuliko wewe. Wamasai wana moyo mgumu, watavumilia, na baada ya Idi watu watakuwa wamesahau.

Kula. Nasikia umekonda.

Shamsia


Manundu, Korogwe
23 Juni 2024

Dada Shamsia,

Shikamoo. Idi njema iliyopita. Nilikula pilau kwa Mzee Yordani, ambaye si Mwislamu lakini mkewe alipika ili nisile peke yangu.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaona haya. Si kwa ajili yako, kwa ajili yangu. Uliposema afadhali yeye, moyo wangu ulikubali kwanza, ndipo nikashtuka.

Wiki ileile Naisula alipita na dumu limejaa. Asubuhi linapita limejaa, mchana linarudi limejaa. Akina mama waliokuwa wanamgombea wakawa wanafunga milango na kuita watoto ndani. Mmoja alimwaga maziwa aliyokwisha kununua, mbele yake, kwenye mtaro. Siku ya nne alikuja karakana na mumewe, Leboo. Leboo akakaa kwenye kochi ambalo halijamaliziwa, akapima springi kwa kiganja, akasema, "Kazi nzuri." Kisha Naisula ndiye aliyesema.

"Baba Ikram, mimi nilikuletea mtoto wako?"

"Ulimleta."

"Alikuwa na jeraha?"

"Hakuwa nalo."

"Alikuwa na njaa?"

"Alikuwa ameshiba kuliko mimi."

"Basi kwa nini watu wanaogopa dumu langu? Wanasema mimi na wewe tulipanga. Mimi nimeshasema nilipokuwa. Nilikuwa kwa ng'ombe wangu. Wewe hujasema."

Nilimwomba Mzee Yordani aitishe mkutano wa mtaa. Jumapili walijaa, dada, hata wa Kilole walikuja, wengine simu juu kama wanapima mvua. Nikasimama.

Sasa nakuandikia kama nilivyosema pale.

Nilisema: Siku ile nilikuwa saluni, chumba cha nyuma, nimepakwa piko nyeusi kichwani na kwenye ndevu. Mimi nina miaka hamsini na mbili. Kuna mtu nilimwambia nina arobaini na moja, na mtu huyo alikuwa anakuja kunitazama kesho yake. Kinyozi akanifunga mfuko wa plastiki kichwani, akasema nisitoke mpaka dawa ishike, mvua ikinigusa nitakuwa kama pundamilia. Nikakaa. Nikiwa pale nikasikia watu wanapita mbio wakipiga kelele, mtoto kapotea, mtoto kapotea! Nikamtazama kinyozi, nikatikisa kichwa, nikasema, "Wazazi wa siku hizi hawana makini kabisa."

Hapo walikuwa bado hawajacheka, dada. Nikaendelea.

Nilisema: Nilisuuza taratibu, nikajikausha, nikajitazama kwenye kioo mbele na nyuma, nikarudi kazini natembea kama bwana harusi. Ndipo nikajua mtoto aliyepotea ni wa kwangu. Yale madoa kwenye kola ni jasho la baba anayemtafuta mwanawe, limechuja piko. Naisula hakupanga na mtu. Aliyemwacha mtoto ni mimi. Mkitaka wa kumfungia mlango, mfungieni fundi makochi.

Alianza kucheka mama mmoja wa mbele. Alijizuia, akashindwa, akashika nguzo. Kisha ukumbi wote. Mzee Yordani aligonga meza mpaka miwani ikamdondoka, naye alikuwa anacheka. Mimi nilikaa chini, uso unawaka.

Walipotulia, mwenyekiti akamgeukia Naisula. "Mama, mtaa unakuomba samahani."

Naisula akasimama. "Samahani nimeisikia," akasema. "Na maziwa?"

Kisha yule mama aliyemwaga maziwa mtaroni akaenda nyumbani kwake, akarudi na sufuria, akasimama mbele ya dumu wa kwanza. Wengine wakamfuata na vyombo vyao, na Naisula akawapimia mmoja mmoja bila kuzungumza. Yule mama alimpimia mwisho kabisa.

Video ya mkutano imekwenda mbali kuliko picha ya Ikram. Nusu ya watu wanaomba jina la dawa. Nusu wanasema ni uongo uliotungwa vizuri, hakuna mwanamume anayeweza kusuuza taratibu.

Laini nimeirudisha kwenye simu. Mwanaisha hajapiga.

Sharifu


Misima, Handeni
2 Julai 2024

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba tena.

Video nimeiona. Nimeoneshwa na watu. Nimecheka hadi shemeji yako akaniletea maji, kisha akaiona yeye, nikamletea mimi. Uliposema "wazazi wa siku hizi" nilidhani roho inatoka.

Kisha nikakaa jikoni peke yangu. Lile neno nililoandika juu ya yule mama halikuwa neno la mtu aliyelelewa na mama yetu. Nakutumia debe la mahindi mabichi kwa konda. Nusu yako, nusu mpelekee Naisula. Usiseme kitu, mpe tu, useme yanatoka Misima.

Nasikia Mzigua Halisi ameaga huko Fesibuku. Amesema macho yanamuuma na kuku wanamhitaji.

Nenda Mazinde. Usisubiri simu. Miguu ndiyo inayoomba radhi, mdomo unasindikiza tu.

Dada yako,
Shamsia


Manundu, Korogwe
21 Julai 2024

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mahindi yalifika, machache yakiwa na alama za meno ya konda. Naisula alipokea fungu lake, akauliza Misima ni wapi, nikamwambia ni njia ya Handeni, kwa dada yangu. Akasema, "Anajua kuchagua mahindi."

Hamisa alikuja. Alikaa kwenye kochi la mwalimu mkuu, akaukunja mtandio wake, akaniuliza, "Ile miaka kumi na moja umeipeleka wapi?" Nikasema niliipaka piko. Hakucheka. Akasema mume wake wa kwanza alimficha mengi, na yeye aliapa hatapumzisha kichwa tena kwenye bega la mtu wa kujificha. "Lakini," akasema, "sijawahi kuona mtu akijifichua mbele ya mtaa mzima kwa ajili ya muuza maziwa. Nitafikiri." Anafikiri bado. Siku ya Jumanne aliniletea sambusa, kwa hiyo naona anafikiri vizuri.

Nilikwenda Mazinde kama ulivyoniambia. Mwanaisha alikuwa anapepeta mchele. Aliponiona akainamisha kichwa, nikadhani ana hasira. Mabega yakaanza kumtikisika. Video alikuwa ameiona, na alikuwa ananisubiri nije mwenyewe niseme kwa mdomo wangu. Nikasema. Nilisema yote, hata la kioo, mbele na nyuma. Alipomaliza kucheka akafuta macho kwa upindo wa kanga, akasema, "Angeliniambia mtu kwamba wewe ni muuaji nisingeamini. Lakini hili la kioo, ningeamini siku ya kwanza." Kisha sauti ikabadilika. "Sharifu, usimwache tena mlangoni peke yake. Ukitaka kupendeza, mpeleke akakutazame." Nikamwahidi. Likizo zote Ikram atakuwa kwake, na hilo ni haki.

Tulipanda gari la kurudi, tukashuka Mombo kununua maembe. Hapo mwanamke mmoja muuza vitumbua akamkazia macho Ikram, akatoa simu, akatazama picha, akatazama mtoto. Akapiga ukelele, "Ndiye! Yule mtoto aliyepotea Korogwe!" Kufumba na kufumbua tumezungukwa. Mmoja kanishika mkono, mwingine kashika mfuko wa maembe, wa tatu ameshaanza kurekodi. Nikasema mimi ni baba yake. Wakasema wote husema hivyo.

Muuza vitumbua akachuchumaa mbele ya Ikram, akamwuliza kwa upole, "Mama, usiogope. Wewe ndiye uliyepotea?"

Ikram akawatazama wote, mmoja mmoja, kama mwalimu anayetazama darasa lisiloelewa. Jino jipya limeanza kuchungulia.

"Mimi sikupotea," akasema. "Nilikuwa naangalia ndama. Aliyepotea ni baba."

Kisha akanishika mkono, akanipitisha katikati yao hadi kwenye gari.

Mdogo wako,
Sharifu